Mikinduri, 1993: Maneno na Mwili

Watoto wengi walioletwa kituoni kwetu walikuwa wameumia kwa bahati mbaya tu, na nataka hilo litangulie mengine yote. Mikinduri iko Meru, nchini Kenya, upande wa milima ya Nyambene unaotazama mashariki, mahali ambapo ardhi inateremka kutoka mashamba ya miraa hadi kwenye joto la maembe na mtama. Wavulana walianguka kutoka mitini. Punda wa kubeba maji waliwapiga mateke. Panga za kukatia ng'ombe majani ziliwakata vidole. Wadogo waliungua kwa uji, kwa sababu mafiga yako chini, na mtoto anayejifunza kusimama hushika chochote kilicho mbele yake, hata mwiko uliomo sufuriani. Siku za soko benchi letu lilijaa tangu asubuhi. Kila mama alikuwa na kisa chake, na karibu kila kisa kilikuwa cha kweli.

Mwaka 1993 nilikuwa muuguzi mchanga, binti wa Imenti kutoka upande wa Nkubu, na Kimeru cha Tigania, kinachosemwa huko Mikinduri, kilikuwa bado kigeni kidogo masikioni mwangu. Wilaya ya Nyambene ilikuwa imemegwa kutoka Meru mwaka uliotangulia. Ada za matibabu, zilizoanzishwa mwishoni mwa 1989 na kusimamishwa mwaka uliofuata, zilikuwa zimerudi. Mtu alipima mfuko wake kwanza kabla ya kumbeba mtoto na kuanza kupanda mlima. Naitaja ada kwa sababu ilikuwa na mkono wake katika kisa nitakachosimulia.

Tulikuwa na afisa wa kliniki mmoja. Watu walimwita daktari, nasi tulimwita hivyo, na jina hilo alilistahili. Ameshafariki, na familia yake iko, kwa hiyo sitamtaja. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, mwenye haraka katika kila kitu isipokuwa katika kumvua mtoto nguo. Hapo hakuwa na haraka kabisa. Hata foleni ifike mlangoni, hata mtoto awe ameletwa kwa kidole kilichokatwa, kama alikuwa hajafikisha miaka mitatu au minne alivuliwa zote, moja baada ya nyingine, na kutazamwa kuanzia utosini hadi nyayoni. Kina mama walinung'unika kwamba mtoto atapata baridi. Daktari aliwaomba radhi na kuendelea.

Alikuwa na maswali yake, nayo hayakubadilika. Ilikuwaje? Nani alikuwepo? Mtoto huyu anaweza kufanya nini: anageuka, anaketi, anatambaa, anasimama kwa kushika, anatembea? Swali hilo la mwisho liliwashangaza wazazi, maana walikuja kwa ajili ya jeraha, naye anauliza kuhusu kutambaa. Lakini ndilo lililobeba uzito wote. Mtoto anayetembea huanguka kutwa nzima, na mifupa yake ya mbele huonyesha hivyo: magoti, muundi wa mguu, paji la uso, kidevu. Mtoto ambaye bado analala pale alipowekwa hana njia ya kujipatia alama hizo. Daktari hakuwahi kuniambia nimtafute mtu mbaya. Aliniambia nisikilize maneno, nitazame mwili, kisha nijiulize kama vinapatana.

Kuna jambo moja alilonifunza ambalo sikulikuta katika kitabu chochote cha wakati ule. Vitabu vyetu vilitoka ng'ambo, na picha zake zote zilikuwa za watoto weupe. Kwenye ngozi yao damu iliyovilia ilionekana kama wino kwenye karatasi. Kwenye ngozi ya mtoto wa Tigania alama hiyohiyo hujificha. Inaweza kuwa kivuli tu, weusi juu ya weusi, na chini ya mwanga wa taa dhaifu haionekani kabisa. Kwa hiyo alimbeba mtoto hadi dirishani. Alimgeuza polepole ili mwanga wa jua uje kutoka ubavuni, kwa sababu mwanga wa namna hiyo huonyesha uvimbe hata pale ambapo rangi haionyeshi. Kisha alipitisha mgongo wa mkono wake juu ya ngozi akitafuta joto, na ncha za vidole akitafuta ugumu. Alitazama nyuma ya masikio, chini ya taya, shingoni katika mikunjo, na ndani ya midomo. Ninaamini kwamba watoto wengi wa Afrika Mashariki wameteseka bila kuonekana kwa sababu hii tu, kwamba waliowatazama walifundishwa kutafuta rangi isiyokuwepo.

Kinyume chake pia kilikuwepo. Watoto wetu wengi huzaliwa na bato la rangi ya kijivu au buluu kiunoni na matakoni, ambalo hufifia kadiri wanavyokua. Mgeni akiliona anaweza kudhani mtoto amepigwa. Daktari aliwasihi wakunga waliandike kwenye kadi siku ya kuzaliwa, na penye bato aliminya: halina uvimbe, halina joto, mtoto hashtuki.

Mtoto ninayetaka kumsimulia alikuwa wa kiume, wa miezi tisa hivi. Alikaa akiketishwa, lakini alikuwa hajaanza kutambaa. Aliletwa na mwanamke kijana aliyembeba mgongoni kwa leso, na nyuma yao alikuja mwanamume mwenye koti zito. Mkono wa kushoto wa mtoto ulikuwa umevimba juu ya kiwiko na hakuutikisa. Hakulia sana. Nilipowasalimu, "Muuga," mwanamke aliitikia akitazama chini.

"Alianguka kitandani juzi," mwanamume alisema.

Foleni ilikuwa imeshatoa hukumu yake. Nilisikia mwanamke mmoja akimnong'oneza mwenzake kwamba yule si mamake, mamake alirudi kwao kwa wazazi, huyu ni mke aliyeletwa baadaye. Mwenzake alivuta pumzi na kutikisa kichwa, na hapo kesi ilikuwa imeisha. Nakumbuka nilivyoliona jambo hilo likienda kutoka benchi moja hadi lingine, kimya kimya, hata kabla mtoto hajafika mezani.

Daktari aliuliza maswali yake. Kila alipomgeukia mwanamke, mwanamume ndiye aliyejibu. Kitanda kina kimo gani? Alijibu yeye. Nani alimwona akianguka? Hakuna, walisikia kishindo tu. Kwa nini hamkuja siku ileile? Pesa zilikuwa hazijapatikana. Daktari aliitikia kwa kichwa, akamwambia kwa heshima, "Baba, nenda pale kwa karani ulipie kadi, kisha nitaomba ukaniletee kadi ya kliniki ya mtoto kutoka nyumbani. Siwezi kumpa dawa bila kuona uzito wake." Kadi ya kliniki ilihitajika kweli. Ila mwendo wa kwenda na kurudi ulitupa nafasi, na daktari alilijua hilo.

Tukaenda dirishani. Sikio la kushoto lilikuwa limevimba ukingoni, na nyuma yake kulikuwa na weusi uliozidi weusi wa ngozi. Kwenye mkono wa kulia, ule ambao hakuna aliyeulalamikia, kulikuwa na madoa madogo manne yaliyopangana upande mmoja na moja pana upande wa pili. Daktari hakusema neno, aliweka vidole vyake juu yake bila kugusa, na vidole vikakaa sawasawa. Ndani ya mdomo wa juu, ule utepe mdogo wa nyama unaoushika mdomo na ufizi ulikuwa umechanika na unaanza kupona. Jambo hilo hutokea kijiko au chupa inaposukumwa kwa nguvu katika kinywa cha mtoto anayelia. Linaweza kumtokea pia mtoto anayetembea akianguka kifudifudi, lakini huyu hakuwa akitembea. Bato la kiunoni lilikuwepo, na daktari alinionyesha kwamba hilo ni la kuzaliwa. Alipoweka viganja kwenye mbavu, upande wa mgongoni, mtoto alilia kwa mara ya kwanza kwa sauti yake yote.

Daktari hakumuuliza yule mwanamke nani alimpiga mtoto. Alimpa kiti. Alimwambia, "Mama, nieleze siku hiyo ilivyokwenda, tangu mlipoamka." Kisha alinyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa kazi kama kazi nyingine yoyote aliyoifanya. Mwanamke alianza na ng'ombe. Akaendelea na maji, kwamba aliteremka mtoni na mtungi akamwacha mtoto amelala na babake yuko uani. Aliporudi mtoto alikuwa analia kilio cha ajabu na mkono unaning'inia. Mumewe alimwambia ameanguka kitandani na akamkataza kutoka. Kesho yake aliomba pesa za hospitali, akanyimwa. Siku ya tatu aliuza kuku, akasema atakwenda, naye mume akasema basi watakwenda pamoja.

"Sista," aliniambia nilipokuwa namfunga mtoto bandeji, kwa Kimeru, "kitanda chetu ni cha chini. Mimi mwenyewe nimeshawahi kumwona akibiringika na kuanguka hapo. Hakuumia."

Kuchelewa kuleta mtoto hospitalini kumeandikwa katika miongozo mingi kuwa dalili ya mateso. Ni kweli, ila daktari aliniambia jioni ile kwamba kuchelewa ni swali, si jibu. Kule kwetu mtu alichelewa kwa sababu ya ada, kwa sababu ya mto uliofurika, kwa sababu mwenye pesa hakuwepo, kwa sababu alianzia kwa mganga. Mwanamke huyu alichelewa kwa sababu alizuiliwa, na kuku wake ndiye aliyemfungulia njia. Anayehesabu siku tu angemfunga yule aliyemwokoa mtoto.

Mwanamume alirudi na kadi. Hapo ndipo niliposhuhudia kadi ikitoa ushahidi. Mstari wa uzito ulipanda vizuri tangu kuzaliwa hadi miezi sita, ukiwa ndani ya njia yake, kisha ukaanza kushuka, na miezi miwili ya mwisho haikuwa na nukta yoyote. Mtoto hakuwa mgonjwa wa kuhara wala wa malaria kali. Kuna kitu kilikuwa kimebadilika nyumbani.

Daktari alichukua karatasi, akachora umbo la mtoto mara mbili, mbele na nyuma, michoro myepesi kama ya mwanafunzi wa shule ya msingi. Alichukua futi ya fundi cherehani aliyokuwa akiiweka kwenye droo, akapima kila alama na kuandika urefu wake mahali pake kwenye mchoro. Aliandika maneno ya mwanamume kama alivyoyasema, na ya mwanamke kama alivyoyasema, kila moja na saa yake. Chini yake aliandika kwamba maelezo ya kuanguka kitandani hayalingani na majeraha haya kwa mtoto ambaye bado hatambai. Nilimuuliza kwa nini asiandike wazi kwamba mtoto amepigwa na babake. Aliniambia, "Mimi sikuwepo. Mwili ulikuwepo." Akanipa karatasi niitie sahihi kama shahidi wa uchunguzi, nami nikatia.

Tulimpeleka mtoto Meru siku hiyohiyo kwa eksirei, mimi na yule mwanamke, ndani ya pikapu, kwenye barabara ya murramu. Kila tuta mtoto alishtuka. Picha zilionyesha mfupa wa mkono umevunjika kwa mzunguko, kama kijiti kinachosokotwa. Zilionyesha pia mbavu mbili zilizovunjika nyuma, karibu na uti wa mgongo, nazo zilikuwa zimeshaanza kuunga: palikuwa na vifundo vya mfupa mpya. Kwa hiyo zilivunjika majuma kadhaa kabla ya siku ya kitanda. Mbavu za mtoto mchanga ni laini na hujipinda. Ili zivunjike pale nyuma, kwa kawaida huwa mikono ya mtu mzima imekizunguka kifua na kukibana kwa nguvu, mbavu zikalemewa penye mifupa ya mgongo. Kitanda hakina mikono.

Baadaye, nilipopata nafasi ya kusoma zaidi, nilijua kwamba tulichokiona kilikuwa na historia ndefu. Mjini Paris mwaka 1860, Ambroise Tardieu alieleza watoto 32 waliopigwa na kuteswa na waliowalea, 18 kati yao wakiwa wamekufa. Wenzake hawakulifuatilia jambo hilo. Mwaka 1946 John Caffey, mtaalamu wa eksirei nchini Marekani, alieleza watoto sita waliokuwa na damu ndani ya fuvu pamoja na mifupa mirefu iliyovunjika, na hakuna aliyeweza kusema ilivunjikaje. Ilichukua hadi 1962 ndipo Henry Kempe na wenzake huko Denver walipolipa tatizo hilo jina katika jarida la madaktari wa Marekani. Waliuliza hospitali 71 na kupata watoto 302 katika mwaka mmoja. 33 walikuwa wamekufa, na 85 walipata madhara ya kudumu ya ubongo. Waliandika pia kwamba madaktari wenyewe walikuwa wazito kuamini kuwa mzazi anaweza kufanya hivyo. Uzito huo naujua. Si wa nchi moja.

Polisi walipewa taarifa na fomu yao ya majeraha, P3, ikajazwa. Walipokuja na naibu wa chifu, mtu wa kwanza waliyemtaka ni mama wa kambo. Nilikuwepo. Mwanamke alisimama akitetemeka, leso mkononi, na wale wa benchini waliinuka ili waone vizuri. Daktari aliomba kila mtu aliyekuwa nje atulie, akawaingiza chumbani, akaweka karatasi yake mezani na kuwasomea mstari kwa mstari: nani alikuwa wapi, nani alisema nini, nani alimleta mtoto na kwa pesa gani. Hakuongeza neno. Waliondoka na mwanamume.

Wazee wa ukoo walikuja baada ya siku chache. Walikuja kwa nia njema, na ningependa wasomaji waelewe hivyo. Walisema mtoto ni wa ukoo, baba ni wa ukoo, jambo hili litengenezwe nyumbani, mnyama achinjwe, mtu aonywe. Mashamba, mipaka na mahari vilitengenezwa hivyo, na vilitengenezeka vizuri. Lakini mtoto wa miezi tisa hakai katika baraza, hawezi kusema kama onyo limesikiwa. Daktari aliwaeleza kuhusu zile mbavu mbili: kwamba palikuwa na mara ya kwanza, ambayo hakuna aliyeijua, kisha ikaja hii ya pili. Mzee mmoja aliuliza taratibu kama mbavu zinaweza kusema ni lini zilivunjika. Akaambiwa kwa makadirio tu. Alikaa muda bila kusema, kisha akawaambia wenzake waondoke.

Kesi ilichukua muda mrefu na niliitwa kutoa ushahidi. Hakimu hakuniuliza nadhani ni nani. Aliniuliza nani alimvua mtoto nguo, mwanga ulitoka wapi, futi ilikuwa ya nani, na kama sahihi ile ni yangu. Niliweza kujibu kila swali kwa sababu jibu lake lilikuwa limeandikwa siku ileile, kabla ya mtu yeyote kuwa na sababu ya kulipindua. Baba alipatikana na hatia ya kumtendea mtoto ukatili, chini ya sheria ya watoto na vijana ya wakati huo, Sura 141. Mtoto alichukuliwa na nyanya yake upande wa mama. Mwanamke aliyemleta aliondoka kwenye ndoa ile bila shamba, bila kuku, na kwa muda bila mahali pa kulala. Kati yetu sote ndiye aliyelipa ghali zaidi, na hakuna fomu iliyokuwa na nafasi ya kuliandika hilo.

Elimu imesogea tangu hapo. Enzi zile tulifundishwa kukadiria umri wa alama kwa rangi yake, nyekundu ni ya leo, kijani ni ya juma lililopita. Mwaka 2005 Sabine Maguire na wenzake wa Cardiff, Wales, walikusanya tafiti zilizokuwepo na kuonyesha kwamba makadirio hayo hayategemeki. Swali la kutambaa nalo lilipata tarakimu zake. Huko Seattle mwaka 1999, watoto 973 walitazamwa katika ziara zao za kawaida za kliniki. Kati ya watoto 366 ambao hawakuwa wamefikisha miezi sita, wawili tu walikuwa na alama ya kuvilia damu. Kati ya wale waliokuwa wakitembea, zaidi ya nusu walikuwa nazo. Kisha Mary Clyde Pierce na wenzake, mwaka 2010 na tena 2021, wakaweka kanuni ambayo muuguzi anaweza kuishika kichwani hata usiku wa manane: kwa mtoto ambaye hajafikisha miaka minne, alama ya kuvilia damu kwenye kiwiliwili, sikio au shingo idai maelezo ya kutosha, vivyo hivyo kwenye shavu, pembe ya taya, kope, weupe wa jicho, au ule utepe wa mdomoni, vivyo hivyo alama yenye umbo la kitu, kama kitanzi cha waya au meno. Na kwa mtoto ambaye hajafikisha miezi mitano, alama yoyote, popote. Niliposoma orodha hiyo nilimwona daktari wangu dirishani, mkono wake nyuma ya sikio la mtoto yule.

Kuhusu kuungua, mambo yaleyale yanatumika. Uji unaomwagika hutiririka, hurukaruka, huacha madoa yasiyolingana usoni, kifuani na begani, na hupungua makali kadiri unavyoteremka. Miguu yote miwili iliyoungua kwa kimo kimoja, mpaka umenyooka kama soksi, bila tone moja lililoruka, inasema mtoto alishikwa ndani ya maji ya moto. Mtoto aliyeachiliwa angepiga mateke.

Sheria nazo zimesogea. Fimbo ilikuwa halali katika shule za Kenya hadi kanuni zake zilipofutwa mwaka 2001. Mwaka huohuo Bunge likapitisha Sheria ya Watoto, na mwaka 2022 ikaja nyingine mahali pake. Katiba ya 2010 inamlinda kila mtu dhidi ya adhabu ya viboko katika kifungu cha 29, na mtoto dhidi ya ukatili katika kifungu cha 53. Hapa kwetu Meru, tarehe 27 Mei 2013, Mahakama Kuu iliamua kesi iliyoletwa na wasichana pamoja na shirika la Ripples International. Ilihusu unajisi, lakini uamuzi wake unagusa kila mtoto aliyeumizwa: kwamba polisi kutochunguza malalamiko kama inavyopaswa ni kuvunja haki za mtoto huyo. Tarakimu nazo zimesogea. Utafiti wa taifa wa mwaka 2010 ulikuta kwamba wanawake 66 na wanaume 73 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 18 hadi 24 walikuwa wamepata ukatili wa kimwili utotoni. Ule wa 2019 ulikuta idadi zimeshuka hadi karibu 39 na 52. Zimeshuka, na bado ni nusu ya wavulana wetu.

Nimestaafu sasa, ila huitwa mara kwa mara kuzungumza na wauguzi vijana na wahamasishaji wa afya ya jamii. Wanajua mengi kuliko nilivyojua. Wana nambari 116 ya kupiga bila malipo kumwombea mtoto msaada, wanajua ofisi ya watoto iko wapi, na kila mmoja ana simu yenye kamera. Swali lao ni moja siku zote, nalo huulizwa kwa sauti ya chini baada ya wengine kutoka: "Mama, na nikikosea je? Nikimshuku mtu asiye na hatia?"

Nawaambia waliogope hilo, maana ni jambo la kuogopwa. Ipo mifupa inayovunjika kwa ugonjwa, yapo matege, yapo magonjwa ya damu isiyoganda, na yupo mama masikini aliyechelewa kwa sababu hakuwa na nauli. Ndiyo maana kazi yao si kumtaja mtu. Waandike wanachokiona na wanachokisikia, wapime, wachore, wamwite aliye juu yao na afisa wa watoto siku hiyohiyo, wasimrudishe mtoto nyumbani kabla mtu mwingine hajatazama. Tuhuma ikiwa haina msingi, karatasi iliyoandikwa vizuri itamtetea mzazi yule kama ilivyomtetea mama wa kambo wa Mikinduri mbele ya polisi.

Na kila ninapopewa nafasi mbele ya wanaojenga na kusimamia vituo vyetu, huomba yaleyale: chumba cha dharura kiwe na dirisha linalopitisha mwanga wa kutosha, karatasi zenye umbo la mtoto mbele na nyuma ziwe tayari zimechapishwa, na picha za kufundishia ziwe za ngozi ya watoto wetu. Tena aliyemleta mtoto, awe mama, shangazi au nyanya, atafutiwe mahali pa kulala usiku huo, kwa sababu akishatoa ushahidi wake ndiye anayetakiwa kurudi katika nyumba ile.